Kichwa Chenyewe Kije

Majina mimi sisahau. Waliobatizwa siku moja na mimi nawajua wote, waliohama na waliokufa, na hata mbuzi wa baba yangu nakumbuka kila mmoja alivyoitwa. Lakini huyu ninayemwandika hapa, jina lake nitalinyamazia. Alinikataza mwenyewe. Siku nilipomwambia kwamba nitakuja kuweka habari zake kwenye daftari, alisema, "Andika kazi, Mama Daudi. Jina waachie watakaonizika."

Hapa Ihanja tulimwita Fundi Siti. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kuu, upande wanaposhusha magunia ya alizeti, na kazi yake ilikuwa kushona siti za pikipiki zilizochanika. Ukutani, juu ya cherehani, alitundika helmeti za kuuza, nyekundu, nyeusi, na moja ya bluu iliyokaa miaka mingi kwa kuwa haikupata kichwa chake. Nasema haikupata kichwa chake kwa sababu ndivyo alivyosema yeye. Kwake mtu hakuchagua kofia. Kofia ilikuwa imekaa pale ikimsubiri mtu fulani, na kazi ya fundi ilikuwa kuzuia asiichukue mwingine.

Ulipofika kibandani alikutazama kichwa kwanza. Ungempa salamu, angeitikia vizuri tu, lakini macho yake yalikuwa juu ya nyusi zako. Shingoni alivaa futi ya kushonea, ile ya kitambaa, na mkono ulikuwa mwepesi kuishika. Wanawake walimlalamikia mwanzoni. Tabu, mke wa mwenye duka la mbolea, alimwambia mbele za watu, "Wewe fundi unanitazama kama mtu anayechagua tikiti maji." Naye akajibu, "Tikiti maji likipasuka tunanunua lingine, shemeji." Tabu akacheka, akavua kitambaa, akapimwa.

Alipima juu kidogo ya nyusi, akazungusha nyuma pale kichwa kinapotokeza. Halafu akashusha kofia moja, akaichungulia ndani, akabonyeza kwa kidole gumba, akakuvisha yeye mwenyewe. Akikuvisha hakuuliza kama umependa rangi. Aliuliza mashavu. "Mashavu yanabanwa?" Ukisema yanabanwa kidogo, alifurahi. Ukisema unajisikia huru kabisa, aliivua papo hapo. Sponji la mashavu hulegea baada ya muda, alisema, kwa hiyo inayokaa raha dukani itakuwa inacheza mwezi ujao. Kisha alikushika kofia mbele ya uso akaitikisa kushoto na kulia, na hapo alitaka ngozi ya paji la uso iende pamoja na kofia. Kofia ikienda peke yake na ngozi ikabaki, si yako. Mwisho alikufunga mkanda, akapitisha vidole viwili chini ya kidevu, akaenda nyuma yako na kuisukuma kofia kwenda mbele kwa nguvu kama anayetaka kuivua. Ikitoka, na mkanda umefungwa, hakukuuzia, hata ungelia.

Hapo hujamaliza. Palikuwa na benchi.

Fundi Siti alikuwa na benchi la mbao nje ya kibanda, limeelekea barabarani, na sheria yake ilikuwa moja: unakaa pale umevaa kofia mpaka amalize kushona siti iliyo mezani. Kama siti ni ya kiraka tu, una bahati. Kama inashonwa yote upya, umekwisha. Alisema kofia mbaya haikuumi mara moja. Inakungoja. Baada ya muda unaanza kusikia kidole kinakusukuma hapa au pale, na mtu anayeumia kichwa njiani huivua akaitundika kwenye usukani, na usukani hauna ubongo.

Basi ukipita Ihanja siku ya mnada ungewaona, watu wanne watano wamekaa kwenye benchi juani, kila mmoja na helmeti kichwani, na pikipiki hakuna hata moja. Nakumbuka siku moja walikuwa Hamisi, Petro wa kwa Nkungu, ustadhi Idi na mwinjilisti Samweli, wamepangana hivyo. Basi la Singida Mjini likasimama kushusha abiria. Watu wakajazana madirishani. Mmoja akapiga kelele, "Jamani, pikipiki zenu zimeibwa?" Ustadhi Idi, ambaye kofia yake ya kitambaa Fundi alikuwa amemvua na kumwekea mfukoni, akajibu kwa sauti ya ndani ya ganda, "Tunafanya mtihani!" Basi zima likacheka. Fundi hakuinua hata macho. Alikuwa akishona.

Watu walisema ana roho ngumu, na mdomo alikuwa nao kweli. Mtu akija kumnunulia mwenzake, awe mke au mtoto au mkwe, jibu lilikuwa hilohilo moja: "Kichwa chenyewe kije." Ungeleta kipimo, ungeleta picha kwenye simu, kichwa chenyewe kije. Ukimwonyesha stika ya ubora iliyobandikwa nyuma, alisema stika hata yeye angeweza kubandika, akaligonga ganda na kusikiliza. Ukimletea iliyotumika uliyopewa na mtu, aliuliza, "Imewahi kuanguka na mtu?" Ukisema hujui, alikurudishia bila neno jingine.

Lakini mtu huyohuyo mwenye mdomo ndiye aliyewaonea abiria huruma. Wanawake tulikataa helmeti za bodaboda kwa sababu ya jasho la wengine na chawa, na hasa ukiwa umetoka kusuka. Fundi akachukua mashuka ya zamani, akayakata vipande, akavishona kuwa vikofia vyepesi vya kuvaa chini ya helmeti, akawapa madereva bure. Alivipokea vichafu, akavifua mwenyewe kwa beseni, akavianika kwenye waya nyuma ya kibanda. Petro alimtania, "Fundi, ukoo wako wote ni wa vichanga? Maana hizi nepi haziishi." Na yeye mwenyewe, mtu wa kufua vya wenzake, alivaa kofia moja ya sufu, rangi haijulikani, ambayo sidhani iliwahi kuonja maji.

Na hakupanda pikipiki. Hili lilitushangaza wote. Alikaa upande wa pili wa kijiji, mwendo wa kutosha, na alienda kwa miguu jua na mvua. Madereva walisimama wamchukue, bure kabisa, akapunga mkono waende. Watu wakatengeneza hadithi. Wengine walisema alifiwa na ndugu. Wengine walisema ni nadhiri. Mimi nikamuuliza, kwa kuwa mtu mzima haogopi kuuliza.

"Mama Daudi," akasema, "naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Pikipiki. Ikinguruma tu, tumbo linanikata."

Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Nikamwambia, "Sasa nani anunue kofia kwa mtu anayeogopa pikipiki?"

"Anunue kwa nani mwingine?" akasema. "Asiyeogopa atakuuzia chochote."

Sasa nije kwenye deni langu kwake, na si deni la fedha.

Mjukuu wangu Eliza, mtoto wa Daudi, ni bwana mifugo wa kata yetu. Watu husema bibi mifugo, wakicheka, lakini wakiwa na ng'ombe mgonjwa hawacheki. Kazini alipewa pikipiki ya kuzungukia vijiji, na kofia alivishwa na Fundi, akakaa benchini kama wengine. Anaishi nami. Mwaka mmoja alienda Dodoma mafunzoni miezi miwili, pikipiki akaiacha ofisini, helmeti akaiacha kwangu, chini, nyuma ya debe la unga.

Nina kuku. Singida bila kuku ni wapi? Palikuwa na tetea mmoja wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, mkali, mchagua mahali. Nimemtengenezea kikapu na majani, akakataa. Asubuhi moja namkuta amekaa ndani ya helmeti ya Eliza, ametaga. Nikasema, haya, mwenyewe hayupo, na kuku akishachagua ukimhamisha atayaacha mayai. Nikamwacha aatamie humo. Akatotoa vifaranga saba. Nikafurahi, nikawatoa, nikaichukua kofia niione. Mikono yangu ikajaa utitiri. Umejaa kwenye kitambaa cha ndani, kwenye mishono, unatembea.

Eliza alikuwa anarudi wiki ile. Kuna chupa ya petroli aliiacha, nami najua petroli inaua utitiri, banda langu nalipaka hivyo siku zote. Nikaimimina ndani ya kofia, nikasugua, nikaianika juani siku mbili. Ikatoka safi, inang'aa. Nikaona imekuwa nyepesi kidogo, nikadhani ni uchafu uliotoka.

Eliza akarudi, akaivaa. "Bibi, mbona inacheza?"

"Umekonda," nikamwambia. "Chakula cha Dodoma."

Mungu anisamehe. Nikachukua kipande cha kanga, nikakikunja, nikakishonea ndani ikabana. Mwenyewe nikajiona fundi. Akaenda nayo vijijini wiki nzima. Lakini kila alipotoka, mimi kazi sifanyi. Nilikuwa nimeingiza mkono chini ya kile kitambaa wakati nashona, na mkono ulikuta shimo mahali pasipotakiwa shimo. Nikaogopa kuuliza, kwa kuwa nikiuliza nitaulizwa.

Jumapili, Eliza amelala baada ya ibada, nikaifunga helmeti kwenye kanga nikaenda kibandani. Nikamwambia Fundi, "Niongezee sponji tu."

Alitia kidole gumba ndani, kikazama. Akachana mshono wangu, akainua kitambaa. Chini yake huwa kuna povu jeupe gumu, kama lile linalokuja kwenye boksi la televisheni. Lilikuwa limeliwa. Limenyauka na kushikana kama uji uliokaukia sufuriani, na upande wa nyuma ganda lilikuwa tupu kabisa.

"Nani kalila hili?"

"Kuku," nikasema. Na si uongo wote, kuku hudonoa povu.

Akaliinamia, akanusa. "Kuku wako anakunywa petroli, Mama Daudi?"

Akaniambia taratibu, bila ukali hata kidogo, na ndipo nilipoumia zaidi, kwamba ganda la nje ni la kuzuia kuchubuka tu, na kwamba mtu akianguka ni lile povu linalopondeka ili kichwa kisipondeke. Petroli huliyeyusha. Mjukuu wangu alikuwa amevaa bakuli. Halafu akachukua kisu chake cha kukatia ngozi, akakata mkanda, upande huu na upande ule.

"Umeniharibia kitu cha watu!" nikapiga kelele.

"Asubuhi kilikuwa kimeharibika na hujakiona," akasema. "Sasa unakiona. Anaenda wapi kesho?"

"Kuchanja kuku, vijiji vya mbali."

Nilikuwa nimejiandaa. Nikafungua fundo la kanga, nikatoa uzi niliompimia Eliza kichwa wakati namsuka, nimeufunga alama. Nikamwambia anipe mpya kwa kipimo hicho, niiweke nyuma ya debe palepale, mtoto asijue. Akaushika uzi, akautazama, akanirudishia.

"Umepima nywele. Kichwa chenyewe kije."

"Akija atauliza ya zamani imekuwaje."

"Atauliza."

"Utamwambia?"

"Mimi nashona siti," akasema. "Ya nyumbani kwako sishoni."

Nikarudi kumwamsha. Eliza akaja, "Shikamoo babu," "Marahaba mjukuu," akaambiwa afumue nywele alizokuwa amezifunga fundo juu, maana fundo huinua kofia. Akapimwa. Akavishwa, akatikiswa, akasukumwa nyuma. Ilipokaa vizuri akaonyeshwa benchi, na Fundi akachukua siti. Niliiona ile siti. Ilikuwa haijachanika popote. Akaifumua upande mmoja kwa wembe, akaanza kuishona upya, polepole.

Nikajua ananipa muda. Nikakaa benchini karibu na Eliza. Nikasema, "Mjukuu wangu, ile kofia niliiharibu mimi."

Akageuza ganda zima kunitazama. "Eeh? Bibi, sisikii, imebana masikio!"

Nikasema tena. Akasema tena hasikii. Basi nikainua sauti: "Kofia yako niliimwagia petroli! Kuku alitagia ndani, nikakudanganya umekonda!" Hamisi na wenzake waliokuwa chini ya kivuli cha duka wakageuka wote.

Siti ikaendelea kushonwa. Mimi natazama miguu yangu. Mwishowe Eliza akauliza kutoka ndani kule, "Vifaranga walitoka wangapi?"

"Saba."

"Waliishi wote?"

"Wote."

"Basi mmoja ni wangu," akasema, akanishika mkono. Fundi akakata uzi kwa meno, akasema siti imekwisha.

Baada ya mavuno Eliza alianguka. Alikuwa anatoka vijijini na boksi lake la chanjo, ng'ombe wakakatiza njia mahali penye mchanga, pikipiki ikalala. Kichwa kiligonga jiwe, upande wa nyuma, upande uleule ambao petroli ilikuwa imekula kwenye ile ya kwanza. Wachungaji waliomwokota wanasema aliamka akaulizia boksi. Mkono ulivunjika, ukafungwa, ukapona. Helmeti ilipasuka kutoka juu hadi chini. Mimi niliushika ule ufa jikoni kwangu, nikaufuata kwa kidole.

Nikataka kumpelekea Fundi ashuhudie, lakini kibanda kilikuwa kimefungwa. Macho yalikuwa yamemwacha. Binti yake alikuwa amekuja kumchukua, anakaa naye Shelui, nyumba ya nyuma ya maegesho ya malori. Basi nikafunga safari. Mkono mmoja helmeti iliyopasuka ndani ya mfuko, mkono mwingine jogoo, mmoja wa wale saba, amekuwa mkubwa na kishingo kama mama yake. Kutoka stendi ya Shelui nikachukua bodaboda, nikamkumbatia jogoo katikati.

Nilimkuta ameketi uani kwenye kiti cha kamba, na ile kofia ya sufu. Nikasalimia. Akageuza uso kwenye sauti.

"Mama Daudi. Na kuku."

"Umejuaje?"

"Ananilalamikia."

Nikampa helmeti mkononi. Akaizungusha. Vidole vikakuta ufa, vikaufuata kama nilivyoufuata mimi, vikaingia ndani kwenye povu lililopondeka. Nikaanza hotuba yangu niliyoipanga kutoka Ihanja, ya kumshukuru, akanikatisha.

"Kutoka stendi umekuja na nini?"

"Bodaboda."

"Umevaa nini?"

"Kilemba."

Akatikisa kichwa. "Umeleta kuku, umeleta kofia iliyopasuka, na kichwa umekileta wazi." Akamwita binti yake, "Salome, lete lile boksi la chini ya kitanda. Na futi." Akanigeukia. "Vua kilemba."

Nywele zangu aliziona baba Daudi peke yake, na yeye amekwisha kufa. Nilisimama pale uani nimeshika fundo la kilemba kama msichana. Fundi akasema, kwa sauti ya chini, "Mimi sioni, mama." Nikasema najua. Nikavua.

Futi yake alikuwa ameitia mafundo ya uzi, fundo kila sentimita, kabla macho hayajaisha. Akapima juu ya nyusi, akahesabu mafundo kwa vidole. "Kidogo," akasema. "Kwa maneno yote yale, nilidhani kikubwa." Akapapasa ndani ya boksi, akatoa moja. Ilikuwa ile ya bluu. Miaka yote ile ukutani Ihanja. Akanivisha, akaniuliza mashavu, akanitikisa, akapitisha vidole viwili chini ya kidevu changu, akazunguka nyuma akisaidiwa na kiti, akanisukuma kichwa kwa nguvu zote za mzee. Haikutoka.

"Kaa nayo," akasema.

"Siti iko wapi?"

Akafikiri. "Kaa nayo mpaka jogoo aive."

Jogoo wa kienyeji haivi upesi. Nilikaa kwenye kigoda uani Shelui nimevaa helmeti ya bluu, Salome anachochea moto huku anajizuia kucheka, na Fundi karibu yangu, ile iliyopasuka mapajani, kidole kiko ndani ya ufa. Mara kwa mara aliuliza, "Inakusukuma popote?" Nami nikasema haisukumi.

Harufu ya mchuzi ilipoanza kuja, nikamwambia asante.

"Unasemaje?" akauliza. "Sema kwa nguvu, uko ndani ya kofia."

Nikavuta pumzi nikaisema tena, na jina la Eliza, na jina la Fundi mwenyewe, lote na la baba yake, mpaka majirani wakatoka milangoni kuona kuna nini.